Sakafu ya Tumba, Kaburi la Uvira

Nyumba ilinuka mbwa. Nianzie hapo. Watu wakisimulia habari ya nyumba ya binti yangu wanaanzia kwenye bei, lakini pua yangu ilijua shida kabla mfuko haujajua.

Siku tuliyokwenda kuitazama, huku Tumba, nchi ya Waswidi, hatukusikia harufu yoyote mbaya. Wenye nyumba walikuwa wameoka mikate midogo ya mdalasini asubuhi ile, wakawasha mishumaa saa saba mchana, na kila dirisha lililokubali kufunguka wakalifungua. Binti yangu akavuta pumzi, akasema, "Mama, hapa wamekaa watu safi." Nami nikaitikia. Kwetu Uvira ukiona mshumaa unawaka mchana ndani ya nyumba, unavua kofia, unajua kuna maiti. Nilijua hilo tangu utoto, na siku ile likanitoka kichwani kwa sababu ya mdalasini.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nasoma Biblia, nasoma bei madukani, na jina la mtu likishaingia kichwani halitoki. Majina ya wenye nyumba ile ninayo. Jina la yule dada wa viatu vya kung'aa aliyeiuza kwa niaba yao ninalo. Hata jina la mbwa ninalo, jirani alinitajia. Sitaandika hata moja, maana wengine napanda nao treni moja, na mbwa naye hakuwa na kosa. Hakujiachia ndani kwa kupenda. Walimfungia.

Binti yangu alikuwa amepanga nyumba kule Hagsätra miaka mingi, ghorofa ya nne, mimi na yeye na mjukuu wangu. Anafanya kazi ya kuwatunza wazee wa nchi hii, anawaogesha, anawalisha. Mgongo wake umekwenda huko. Alipopata nyumba hii ya safu, yenye ngazi ndani na kipande cha majani nyuma, alilia mbele ya mtu wa benki. Kwa hiyo wiki ya kwanza, harufu ilipoanza kutoka, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuitaja. Mdalasini ulikwisha siku ya tatu. Siku ya nne mbwa akarudi.

Mjukuu ndiye aliyesema. Ana miaka kumi na tano, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi. Alisimama katikati ya sebule, akashika pua: "Äckligt, koko." Koko ndiyo bibi kwetu, na hilo neno lingine, yaani inatia kinyaa, ndilo la kwanza la Kiswidi nililolipenda. Linatoka kooni kama mtu anayetaka kutapika. Nikamwambia, leo umesema kweli, mwanangu. Äckligt.

Sebule ilikuwa na zulia lililogandishwa toka ukuta hadi ukuta, rangi ya moshi. Nilipiga magoti pembeni, penye bomba la joto, nikaling'oa kipande kwa kisu cha jikoni. Chini yake kulikuwa na sponji. Sponji lenyewe lilikuwa limegeuka unga, kahawia, linanata vidoleni kama ukoko wa chungu uliolowekwa juzi. Nywele ndani yake. Na duara, duara juu ya duara, za kahawia, mahali mbwa aliporudia kazi yake ileile miaka na miaka, na watu wakala chakula hapo, wakatazama televisheni hapo, wakawasha mishumaa. Niliosha mikono kwa sabuni ya vyombo, nikaosha tena kwa siki. Jioni ile sikula ugali kwa mkono. Nilitumia kijiko.

Binti yangu alimpigia simu yule dada wa viatu. Akajibiwa kwa upole kwamba mnunuzi ndiye mwenye wajibu wa kuchunguza kabla ya kununua. "Kuchunguza vipi?" nikamwuliza binti yangu. "Ningelala chini ninuse mbele ya watu?" Akasema, "Ndiyo, Mama. Nadhani ndivyo wanavyotaka."

Sasa niseme habari ya pesa ya kaburi, kwa sababu bila hiyo haya yote ni manung'uniko ya kikongwe tu.

Mume wangu amelala Uvira. Nilikuwa nimeshafika huku alipofariki, sikumzika. Kaburi lake ni udongo. Msalaba wa mbao ulikwenda na mchwa, ukawekwa mwingine, nao ukaenda. Makaburi ya jirani zake yote yamejengewa simenti na kupigwa karo nyeupe, safi, hata la mtu mmoja aliyekuwa mlevi na mgomvi ambaye jina lake pia ninalo. Kila baada ya mvua shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ananitumia picha. Kila picha lile tuta limepungua. Ukiangalia picha tatu pamoja unaona mume wangu anazama.

Kwa hiyo nilikuwa naweka. Penseni yangu ni ndogo, lakini mimi sinywi kahawa za vikombe vya karatasi wala sinunui nguo mpya. Binti yangu alinifungulia akaunti ya peke yake, na kati yetu iliitwa pesa ya Baba. Ilikuwa imefika krona elfu ishirini na sita. Shemeji alikuwa ameshaongea na fundi; simenti, mchanga, karo, msalaba wa chuma, kila kitu, kabla mvua za Septemba hazijaanza. Hicho ndicho nilichokuwa nakingojea duniani. Sikuwa na kingine.

Basi akaja mtu wa sakafu. Kijana wa Kiswidi mwenye suruali ya mifuko mingi, mifuko mingine juu ya mifuko. Alivua viatu mlangoni, hilo nampa sifa. Akapima sebule na korido kwa kidude cha kumulika taa nyekundu, akaandika, akakaa jikoni, akapewa kahawa. Binti yangu alinifasiria.

Mbao za bei rahisi, zile ambazo juu ni picha ya mti tu, kuanzia krona mia mbili kila mita ya mraba. Mbao za mti wenyewe, kuanzia mia tano. Nikasema si mbaya. Binti yangu akasema, "Ngoja, Mama." Kumbe hiyo ni mbao ikiwa dukani. Kuitandika ni bei nyingine, na kila mita inakaribia bei ya mbao yenyewe. Kung'oa zulia ni bei nyingine. Kulipeleka jalalani ni bei nyingine, kwa sababu huku hata uchafu unalipiwa nauli. Kuna kitambaa cha kutandika chini ya mbao ili zisipige kelele. Kuna vibao vya pembeni mwa ukuta. Kuna milango, ambayo lazima ikatwe chini ili ipite juu ya sakafu mpya, na kila mlango una bei yake kama tikiti ya mtoto. Na ile sakafu ya chini kabisa, zile mbao za chengachenga zilizogandishwa kwa gundi, kama zimelowa mkojo lazima zikatwe zitolewe, na bei ya hilo hawezi kuisema mpaka afunue.

"Kuanzia," nikasema. "Kila kitu kuanzia. Mwulize, na kumalizia?"

Binti yangu hakumwuliza. Nilimwona anaona haya. Kijana akaomba kahawa nyingine.

Jumla ilikuwa kama elfu arobaini na tano, baada ya serikali kukata sehemu yake. Huku ukimtumia fundi mwenye karatasi zake, serikali inakupunguzia kwenye malipo ya mikono yake. Kwenye mbao haikupunguzii hata senti. Nilimtazama yule kijana anavyofunga viatu vyake taratibu. Kwa pesa hiyo Uvira mtu anapata kiwanja. Hapa anapata mahali pa kukanyaga.

Sasa, kanisani kwetu kuna kiongozi wa kwaya. Mtu wa Bukavu, mcheshi, sauti nzuri, tumbo zuri. Binti yangu alipoomba maombi kwa ajili ya nyumba, yeye hakuomba. Alicheka.

"Yaya, dada yangu, elfu arobaini na tano kwa kulaza mbao? Mbao inalala yenyewe! Mama, wewe mtu mzima, umesahau salongo?"

Nani asahau salongo. Mtu yeyote aliyekulia kwetu anaijua: Jumamosi asubuhi mnatoka wote, majembe begani, barabara inafyekwa, mtaro unazibuliwa, na saa sita mmemaliza mnarudi mnaimba. Halikuwa jambo la kupenda, ilikuwa amri ya serikali, lakini ukishakaa ugenini hata amri inakuwa tamu.

"Nunueni mbao tu," akasema. "Kwaya yote itakuja. Bei yetu ni chakula."

Binti yangu alinitazama. Najua alichokuwa anahesabu. Nami nilikuwa nahesabu kilekile. Nikasema, Mungu amejibu.

Wakaja Jumamosi ya mwezi wa tano, watu kumi na wanne, na wake zao wakaja jikoni kwangu kunifundisha kupika. Zulia lilitoka kwa saa moja, hilo nisiwanyime. Walilikunja wakilisukuma kwa miguu, wakaliita Farao, wakaliimbia wimbo wa kuvuka bahari. Chini yake zile mbao za chengachenga zilikuwa na mabaka meusi. Ukikanyaga, zinabonyea.

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Nikamwambia kiongozi wa kwaya, "Papa, hii imelowa. Yule kijana alisema ikilowa inakatwa."

"Mama, harufu ilikuwa ya zulia. Zulia limetoka, harufu imetoka."

"Mbona naisikia?"

"Hiyo ni kumbukumbu."

Watu wakacheka. Akanyunyiza siki, akanyunyiza magadi, povu likapanda, akasema, "Voilà, umeona? Inakufa." Nikarudi kwenye sombe yangu, majani ya mihogo yasiyobishana na mtu.

Kilichofuata ndicho sijaacha kukiona nikifumba macho. Mnapolima shamba la salongo mnagawana. Kundi hili linaanzia huku, kundi lile kule, mnashindana, mnakutana katikati, mnapeana mikono. Basi na wao wakagawana sebule. Sauti nene waanzie mlangoni, sauti nyembamba waanzie dirishani. Mbao za sakafu zina ulimi upande mmoja na mdomo upande wa pili. Ulimi wa huu unaingia kwenye mdomo wa ule. Hata mimi wa darasa la tatu nilikuwa nimeona picha kwenye boksi, mstari mmoja, toka ukuta mmoja kwenda ukuta wa pili. Wao hawakutazama boksi. Walikuwa wanaimba.

"Sauti nyembamba mmelala!" wakapiga kelele wale wa mlangoni.

"Nyinyi wanene, mbao zenu zimepinda kama nota zenu!"

Na kila kundi likagandamiza mbao zake hadi ukutani, kwa nguvu, kwa nyundo, pasiwe na hata upenyo wa kupita wembe. Walijivunia hilo. Saa tisa wakakutana katikati.

Toka jikoni nikasikia wimbo umekatika katikati ya ubeti.

Nilipotoka, wanaume kumi na wanne walikuwa wamesimama pande mbili za mfereji, upana wa mkono wangu, unaokwenda toka ukuta hadi ukuta, mwembamba huku na mpana kule. Ndimi zilikuwa zimetazamana na ndimi. Mbao za mlangoni zilikwenda upande mmoja kidogo, za dirishani upande mwingine kidogo, kama watu wawili waliogombana kitandani.

"Ça va, si kitu," akasema kiongozi wa kwaya. "Hapo panawekwa kipande."

Wakakata vipande, wakavimwagia gundi, wakavipiga nyundo. Kimoja kikapasuka, wakakiweka hivyohivyo. Juu yake wakaweka meza. Halafu wakala.

Ee Mungu, walivyokula. Mbuzi mzima aliyenunuliwa kwa bei ya dhahabu, ndagala, dagaa wa kwetu, waliotoka Uvira ndani ya sanduku la mtu, sombe, fufu, wali, soda kwa maboksi. Binti yangu alikwenda dukani mara mbili kuongeza. Mbao na kitambaa na vibao vilikuwa vimekula elfu kumi na moja. Chakula kilikula elfu nne. Niliwatazama wakifuta mikono, wakisifu sakafu, kila mtu akionyesha upande wake, na nikajikuta nachukia hata vidole vyao. Mtu akikufanyia bure humwambii neno, hapo ndipo ubaya wa bure ulipo. Fundi wa kulipwa ningemfokea.

Mwezi wa saba joto likaja. Huku likija linakaa, jua halizami vizuri, nyumba zinachemka. Sakafu ikaanza kupanda. Haikuwa na pa kwenda, imebanwa na kuta zote, basi ikainuka katikati kama tumbo la mjamzito, na meza ikaegemea upande. Ukikanyaga hapa inashuka, inainuka pale. Na katika ule mpasuko wa katikati, pale gundi ilipoachia, mbwa akatoka. Safari hii alitoka na siki na magadi. Harufu yake ya kwanza ilikuwa afadhali.

Kiongozi wa kwaya akaja na mkewe kunywa chai. Nilimwacha akae palepale kwenye nundu. Akaweka mguu, sakafu ikalia kwiii, kiti cha mkewe kikainuka.

Mkewe akanusa. Yeye ni mwanamke asiyeficha. "Mama, mmenunua mbwa?"

"Hapana, mwanangu. Mumeo ametuletea."

"Mama naye!" akasema kiongozi, anacheka peke yake. "Sakafu ya huku inahitaji muda izoee watu."

"Itanizoea nikiwa wapi? Nina miaka sabini na nane."

Mkewe akamwambia, "Kunywa chai twende." Akainywa ikimuunguza.

Hata hivyo tungeweza kukaa nayo. Nimekaa kambini, nimelala kwenye turubai juu ya tope. Binti yangu alisema tuvumilie mwaka mmoja, benki imemshika hapa, akaonyesha koo. Tulihamia jikoni. Mjukuu hakuleta tena rafiki nyumbani. Alikuwa anakutana nao kituoni, kama mtu asiye na kwao.

Kisha siku moja binti yangu akarudi toka kazini akicheka, akanisimulia. Kuna mzee anayemwogesha, haoni vizuri, maskini, mtoto wake haji. Alipomwinamia kumfunga vifungo, yule mzee akanusa bega lake, uso ukamchangamka. Akamwambia: una mbwa! Nilikuwa na mbwa mimi, miaka kumi na minne. Akamshika mkono wa shati, akanusa tena.

Binti yangu alicheka mpaka hapo. Halafu akaacha kucheka. Akavua shati la kazi, akalitia kwenye mashine, lilikuwa limefuliwa jana yake. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mikono magotini, akitazama nguo inazunguka.

Mtoto huyu nimemvusha ziwa mgongoni. Nimemwosha kwa maji ya mvua, kwa maji ya kuomba, kwa mate yangu mwenyewe kona za mdomo kabla hajaingia darasani. Hakuna siku mwanangu alinuka. Hapo ndipo kinyaa kilinishuka toka puani kikaingia kifuani.

Nikamwambia, "Mwite yule kijana wa mifuko."

"Kwa pesa gani, Mama?"

"Ya Baba."

Akainuka juu ya ndoo. "Hapana. Mama, hapana. Pesa ya kaburi la Baba mimi siikanyagi."

"Utaikanyaga."

"Siwezi kutembea juu yake kila siku."

"Basi utavua viatu."

Tulibishana siku mbili. Alisema atachukua zamu za watu wengine, nikamwuliza kwa mgongo upi. Alisema Baba asingekubali. Hapo nikacheka, maana baba yake nilimjua kuliko yeye. Yule mtu alikuwa anafagia uwanja asubuhi kabla hajaswaki, na akiona kinyesi cha kuku anaita mtaa mzima.

Kijana akaja tena. Akaona. Akachukua simu yake, akapiga picha. Nilitaka kumpiga kofi. Akauliza, na binti yangu akanifasiria safari hii bila haya yoyote, "Anauliza walianzia wapi."

"Mwambie kote."

Bei sasa ilikuwa elfu hamsini na mbili. Ilikuwa imeongezeka kwa sababu sakafu za kung'oa ni mbili, na za chini zimeoza. Mbao za elfu kumi na moja haziwezi kutumika tena, zimepigwa nyundo midomo, zitalipiwa nauli ya jalalani. Elfu ishirini na sita zilikuwa zangu. Nyingine binti yangu atalipa kidogokidogo mpaka sijui lini. Wanaotaka kujua sakafu ni bei gani huku, nawaambia hivi: chukua bei uliyoiona dukani, usiiamini. Izidishe mara mbili kwa mikono ya fundi, kisha uulize kilicho chini. Na kabla hujanunua nyumba, lala chini unuse. Usimwonee haya mtu.

Nikampigia shemeji Uvira. Hiyo simu sikupenda kuipiga.

"Fundi ameshaleta mchanga, shemeji," akasema. "Uko kando ya kaburi. Nimwambie nini?"

"Mwambie auondoe."

"Ndugu yangu anyeshewe mwaka mwingine tena? Kwa sababu gani?"

Nikamweleza.

"Mbwa," akasema. "Kwa hiyo ni mbwa wa mzungu."

"Ndiyo."

"Aliyehama."

"Shemeji, ungeisikia."

"Na huko Ulaya hakuna maji? Si mngeosha?"

Aliniambia niwasalimie, akakata.

Walikuja mafundi wawili mwezi wa tisa. Hawakuimba. Walikata zile mbao zilizooza, na zilipopita mlangoni zilikuwa zinachuruzika, kweli zinachuruzika, baada ya miaka yote ile. Nikafunga pua kwa kitenge na kumlaani kila aliyewahi kuoka mkate wa mdalasini. Wakaweka mpya, kavu. Wakaanzia ukuta mmoja. Kila ukuta waliuachia upenyo wa kidole, nikauliza ni wa nini, wakasema sakafu inapumua. Vibao vya pembeni vikaufunika. Walikula mikate yao wenyewe kwenye gari lao.

Walipoondoka nilivua viatu. Binti yangu alikuwa kazini, mjukuu shuleni. Mbao ni za rangi ya ugali wa mihogo uliochanganywa na mahindi, zimenyooka. Nilipiga magoti, na magoti yangu si ya kupiga hovyo, nikaweka pua chini katikati, pale palipokuwa na mfereji. Nikavuta.

Hakuna kitu. Hata mti haunukii, wameupaka dawa. Nikanusa pembeni penye bomba. Hakuna kitu. Kaburi zima la mume wangu, karo zake, msalaba wake wa chuma, nimelilipa nisisikie kitu puani. Nilibaki hapo chini, shavu kwenye mbao, mpaka mjukuu akarudi akanikuta, akaogopa. Nikamwambia nachunguza. Akavua soksi, akalala karibu yangu, akanusa na yeye. Akasema kwa Kiswahili, sijui alikitoa wapi, "Imeisha, koko."

Binti yangu mpaka leo anapita pembeni mwa ukuta. Hajui kwamba nimemwona.

Mvua zilipokwisha shemeji akanitumia picha. Niliitazama nikiwa nimekaa chini, miguu mbele, pekupeku. Tuta limeshuka, sasa liko sawa na njia. Pembeni yake la mlevi linang'aa. Nikampigia. Nilimwambia nimeanza kuweka upya, na kwamba amwulize fundi kama bei ni ileile.

"Si ileile," akasema. "Simenti imepanda, shemeji. Na udongo umeshuka, itabidi kujaza kwanza. Ile ya kwanza ilikuwa dola elfu mbili na mia tano, sasa fundi anasema ni kuanzia elfu tatu na mia tano."

"Kuanzia," nikasema.

"Ndiyo, kuanzia."

"Na kumalizia?"

Hapo mtandao ukakatika.